Mama Swichi, Aliyeunganisha Hospitali Yetu

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Msimamizi wa Mtandao wa hospitali yetu atafunga mlango wa chumba cha mitambo kwa mara ya mwisho akiwa mwajiriwa. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, bila barua hata moja ya onyo na, kwa mujibu wa faili lake ambalo mtunzaji wake ni mimi, siku tisa tu za ugonjwa. Ndani ya faili hilo kuna jina lake kamili. Kwenye korido, wodini, jikoni na getini anaitwa Mama Swichi, na hilo ndilo nitakalolitumia hapa, maana nikiandika lile la faili nusu yenu mtauliza huyo ni nani.

Wengi hudhani alipewa jina hilo kwa sababu ya swichi za mtandao. Jina lina umri mkubwa kuliko hizo. Alipoajiriwa, akiwa na miaka ishirini na sita, alikuwa mpiga simu. Alikaa mbele ya swichibodi katika kile chumba cha chini ya ngazi, ambacho leo kina ndoo na mafagio, akiunganisha simu za nje na za wodini. Namba zote za ndani alizijua kwa kichwa. Madaktari wote aliwatambua kwa namna wanavyokohoa kabla ya kusema haloo. Kulikuwa na daktari mmoja mzee aliyezoea kuinua simu akiwa amekwishasahau anamtaka nani. Mama Swichi alimsikiliza akilalamika kwa sentensi mbili, kisha akamuunganisha na mtu anayefaa. Mara moja alikosea akamuunganisha na mkewe nyumbani, na mzee yule baadaye alipita dirishani kushukuru, kwamba kumbe ndiye aliyekuwa akimtafuta.

Katika mwaka wake wa nane swichibodi iling'olewa, ukafungwa mtambo wa simu unaojiendesha wenyewe. Barua ya uhamisho ikamfikia: aende dobi, akahesabu mashuka. Aliipokea na kuisaini. Lakini zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya kuhama, naye hakuzitumia kulia. Aliwafuata mafundi waliokuwa wakifunga mtambo mpya, na kwa siku tatu akawashikia ngazi. Siku ya nne aliyekuwa juu ya ngazi ni yeye, na fundi ndiye aliyeishika. Kiongozi wa mafundi wale alipokuwa akikabidhi kazi alimwambia Katibu wa hospitali, "Huyu mama mkimpeleka kwenye mashuka, mtakuwa mnaniita mimi kila wiki." Barua ikafutwa. Mashuka yakapata mhesabuji mwingine.

Basi kompyuta zilipoanza kuingia hospitalini, moja mapokezi, mbili maabara, moja famasi, ilionekana ni jambo la kawaida kwamba anayejua nyaya zinapita wapi ni Mama Swichi. Tatizo ni kwamba zilikuja kama wageni wa harusi, kila mmoja kwa wakati wake. Kila idara ilipopata kompyuta mpya, mtu alikwenda dukani akarudi na kile kisanduku kidogo chenye matundu manane, akakiweka juu ya kabati au nyuma ya friji ya chanjo, na mtandao ukarefushwa kwa waya mwingine. Visanduku vile havina akili. Ukichomeka waya, vinapitisha kila kitu kwenda kila mahali, bila kuuliza. Mama Swichi alisema, akaandika, akasema tena, kwamba hospitali nzima imekuwa chumba kimoja kisicho na ukuta, na siku mtu mmoja akipiga kelele hakuna atakayesikilizana na mwenzake. Alijibiwa kwamba mambo yanakwenda.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mambo hayakwenda. Naomba msomaji ajue kwamba aliyeyasimamisha ni mimi.

Ilikuwa Jumanne, miaka kumi na mitano iliyopita, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimehamia masjala mwezi ule ule na nilitaka nionekane mtu wa utaratibu. Nilisafisha meza, nikapanga mafaili, na nyuma ya kabati nikaukuta waya wa kijani, upande mmoja umechomekwa kwenye kisanduku, upande wa pili unaning'inia tu. Kwenye kisanduku hicho hicho palikuwa na tundu tupu. Nikauchomeka. Nikajipongeza. Nikaenda kunywa chai.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye. Waya ule, ncha zote mbili zikiwa kwenye kisanduku kimoja, ulitengeneza kitanzi. Ujumbe ukiingia ndani yake hautoki: unazunguka, unajizidisha, unazunguka tena, mpaka njia zote zinajaa na hakuna kompyuta inayoweza kusema neno. Kufumba na kufumbua mapokezi wakakwama. Famasi wakakwama. Maabara majibu yakaganda kwenye kioo. Simu nazo zikawa na shughuli muda wote, kila idara ikimuuliza mwenzake kama na kwake ni hivyo hivyo.

Wodi ya wazazi kulikuwa na mama aliyejifungua anapoteza damu. Kipimo cha kumlinganishia damu kilikuwa tayari, kimeshaingizwa kwenye kompyuta ya maabara, na wodini mkunga anakitazamia kwenye kioo ambacho hakibadiliki. Alisubiri. Alipiga simu, ikawa inatumika. Akapiga tena. Mwishowe alimtuma muuguzi, na muuguzi akakutana katikati ya uwanja na mtaalamu wa maabara ambaye naye alikuwa ameshachoka kusubiri, anakuja mbio, karatasi mkono mmoja na chupa ya damu mkono wa pili. Zilikuwa zimepotea dakika kumi na moja. Yule mama alipona, mtoto alipona. Mkunga aliniambia baadaye kwamba angekuwa na dakika nyingine tano za kusubiri, asingependa kuisimulia hadithi hiyo.

Mama Swichi aliutafuta waya wangu kwa saa nne, akichomoa jengo moja baada ya jingine na kutazama kama hospitali inapumua. Saa nane mchana aliingia masjala, akapiga magoti nyuma ya kabati, akauchomoa. Simu ya mapokezi ikalia wakati huo huo kusema mtandao umerudi. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Nilitarajia kuchambuliwa kama karanga. Alijifuta vumbi magotini, akaniambia, "Mdogo wangu, usafi umefanya vizuri sana. Mwenye makosa ni anayeacha hospitali itegemee waya mmoja." Kisha akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkurugenzi, na alikuwa bado ana utando wa buibui kwenye nywele.

Alichokitaka kilikuwa swichi ya kusimamiwa: mtambo wa matundu ishirini na manne ambao unaupangia wewe nani azungumze na nani, na ambao ukiona kitanzi unakifunga wenyewe. Mkurugenzi aliita kikao. Mtaalamu aliyealikwa kutoka kampuni fulani alieleza kwa upole kwamba mitambo ya aina hiyo hufungwa na wahandisi, na akamuuliza Mama Swichi ana cheti gani. Alijibu, "Cha upigaji simu." Watu wakacheka kidogo. Naye akasubiri wamalize, akasema, "Nileteeni mtambo na mnipe wiki tatu ndani ya stoo. Nikishindwa, mwiteni mhandisi, mimi nitamshikia ngazi." Mkurugenzi, ambaye asubuhi ile alikuwa ametoka wodi ya wazazi, alifunga faili na kusema apewe.

Swichi ilipofika aliipokea kama mtu anayepokea mjukuu. Mwongozo wake ulikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili, kwa Kiingereza kigumu. Alinunua daftari la shule, akaanza kuuandika upya kwa Kiswahili chake. Neno asilolijua alilitafutia la kwake. Sehemu ya kuchomekea waya ikawa tundu. Kugawa mtandao mmoja katika mitandao midogo isiyoingiliana akakuita kukata mitaa. Ule waya unaobeba mitaa yote kutoka jengo hadi jengo akauita barabara kuu. Leo mafundi wote hapa wanasema mitaa na barabara kuu, na wageni wanaokuja kutengeneza mashine zetu huduwaa kwa dakika mbili kisha huanza kusema hivyo wenyewe.

Siku mbili za kwanza zilimtoa jasho. Aliiunganisha swichi na kompyuta kwa ule waya bapa wa bluu wa kuzungumza nayo ana kwa ana, akawasha, na kioo kikamjazia alama za ajabu, vishada na mikia, kama kuku ametembea juu ya wino. Akabadilisha waya. Akabadilisha kompyuta. Alishika tama. Siku ya pili saa tano asubuhi tulisikia kelele kutoka stoo, tukadhani ameanguka. Tulimkuta amesimama juu ya katoni: alikuwa amegundua kwamba swichi na kompyuta zilikuwa zikizungumza kwa kasi tofauti, moja inakimbia na nyingine inatembea. Akazilinganisha, na mstari safi ukatokea, ukimngoja aandike.

Akaandika. Akaipa swichi jina na anwani yake, akairekebisha saa. Akakata mitaa: maabara na wodi mtaa mmoja, masjala mtaa wake, picha za eksirei mtaa wake kwa sababu ni nzito na hubana njia, wageni na simu zao mtaa wa mwisho kabisa ambao hauoni wengine. Alipangia kila tundu mtaa wake, akawasha ulinzi wa vitanzi, na matundu ambayo hayakuwa na mwenyewe akayafunga. Kazi hiyo ilikula Alhamisi nzima, na alipomaliza alitoka nje kutuambia kwamba amemaliza.

Umeme ukakatika. Ulipowaka, swichi ilikuwa tupu, kama ndiyo kwanza imetoka kiwandani. Mitaa hakuna, jina hakuna. Alikuwa ameandika kila kitu na hakuhifadhi.

Alikaa juu ya katoni. Mumewe, ambaye ni seremala na alikuwa amekuja kupima kabati, alimtazama akaona bora aendelee kupima. Baada ya muda Mama Swichi akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika kwa herufi kubwa: HIFADHI KABLA YA KUSHANGILIA. Kisha akaanza upya. Mara ya kwanza ilikuwa imemchukua siku nzima, mara ya pili saa moja na nusu. Alizima umeme kwa mkono wake, akawasha, na kila kitu kikawa mahali pake. Ukurasa ule tuliuchana kwa ruhusa yake na bado umebandikwa kwenye mlango wa mitambo.

Kwa wiki mbili aliijaribu swichi ndani ya stoo akitumia kompyuta mbovu sita. Kisha akaihamishia maabara, masjala na mapokezi, na vile visanduku vya matundu manane akavitoa. Wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji zikabaki. Mkurugenzi alisema hazitaguswa mpaka aone kwa macho yake.

Mama Swichi alitupangia Jumamosi saa tano asubuhi. Masjala kwangu walikuja Mkurugenzi, Muuguzi Mkuu na yule mtaalamu wa kampuni. Maabara walikuwa wamejulishwa, fomu za karatasi ziko mezani iwapo mambo yangeharibika. Mama Swichi akatoa mfukoni waya wa kijani na kunipa mimi.

"Chomeka," akasema. "Ncha hii tundu la ukutani la kushoto, ncha hii la kulia."

"Mama, mimi nilishakoma."

"Hapa ndani mwenye uzoefu ni wewe peke yako."

Walicheka wote isipokuwa mimi na Mkurugenzi. Nilichomeka ncha ya kwanza. Ya pili ikagoma kuingia. Ikaingia. Muuguzi Mkuu alikuwa ameshika simu sikioni, anaongea na maabara.

"Majibu yanatoka?" akauliza.

Tulikuwa tumenyamaza kiasi kwamba tuliisikia sauti ya upande wa pili. "Yanatoka. Natuma la kumi na nne sasa. Kwani kuna nini?"

Mkurugenzi aliomba apelekwe kwenye swichi. Taa zote zilikuwa zinapepesa kijani. Taa ya tundu la kumi na saba ilikuwa imezima, na kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mstari mmoja unaoeleza kwamba kitanzi kimeonekana, tundu limefungwa, saa tano na dakika tisa. Yule mtaalamu wa kampuni aliinama akausoma, akausoma tena, akavua miwani. Akampa Mama Swichi mkono. "Mama," akasema, "hilo daftari lako, naweza kulinakili?" Mkurugenzi yeye alirudi masjala, akauchomoa waya wa kijani kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia Muuguzi Mkuu wodi ya wazazi iunganishwe Jumapili ya kesho.

Iliunganishwa. Mkunga yule yule ndiye aliyekuwa zamu, na majibu ya kwanza yalipojitokeza kwenye kioo chake alipiga kigelegele ambacho wagonjwa wa jengo la pili walidhani kimeandamana na mapacha.

Tangu siku ile, swichi moja imekuwa swichi kumi na moja. Tuna matundu mia mbili sitini na manne, na kila waya una kibandiko ncha zote mbili, kwa mwandiko wake ule wa kulala upande. Vitanzi vimetengenezwa tena, na watu waliojifanya wasafi kama mimi, mara ishirini na tatu kwa hesabu ya kumbukumbu za mitambo. Hakuna idara ya jirani iliyowahi kujua. Katika miaka kumi na mitano hospitali hii haijasimama nzima tena hata siku moja, hata mwaka ule maji yalipoingia korido ya chini, kwa sababu kabati la mitambo limekaa juu ya jukwaa la mbao la seremala tunayemjua, ambaye alilinyanyua juu zaidi kuliko alivyoagizwa akisema mkewe hapendi kuinama.

Hospitali nyingine mbili zilimwomba akazipangie za kwao. Kwenye ya pili aliwekwa mbele ya wahandisi kumi na wanane wenye shahada, awafundishe. Alituambia kwamba aliwaogopa mpaka alipowasha swichi na kioo kikajaa alama za ajabu. Akawauliza shida ni nini. Wakakisia waya, wakakisia kompyuta. "Nikajua," alisema, "kwamba hawa ni wenzangu."

Wala hakuwa polisi wa mtandao, ingawa angeweza. Kuna kipindi mtaa wa madaktari ulikuwa unazidiwa kila Jumatano jioni. Aliangalia kwenye swichi, akaona tundu moja linakunywa kama ngamia. Hakuripoti. Jumatano iliyofuata alibisha mlango wa ofisi hiyo, akaingia, akakaa, akauliza nani anaongoza. Daktari akamjibu, "Bao moja bila." Wakatazama kipindi cha pili pamoja. Wiki iliyofuata mtaa ulikuwa mwepesi, na daktari huyo leo ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya kumuaga.

Miezi sita iliyopita aliletewa mafundi wawili, mwanamke na mwanamume, wa kupokea kazi. Aliwakabidhi swichi ya akiba, akaifuta mbele yao ikawa tupu, akasema waipange upya. Mara ya kwanza ilichukua siku. Akaifuta tena. Mara ya tatu aliwaacha ndani peke yao, akaenda kukaa kwenye benchi la korido na gazeti, na niliona kwamba muda wote huo hakufungua hata ukurasa mmoja. Walitoka baada ya dakika arobaini. Alikwenda akazima umeme, akawasha, akasoma kioo kuanzia juu hadi chini. Kisha akawaamuru wabadilishe maneno yote ya siri ya swichi zote kumi na moja. Yeye alisimama pale pale huku amegeukia ukuta, ili asiyaone.

Mama yake mzazi, ambaye ana miaka themanini na minne na ambaye tutamketisha mbele siku ya sherehe, bado anaamini binti yake ni mpiga simu, na hujisifu kwa majirani kwamba hakuna simu inayoingia hospitali hii bila kupita mkononi mwake. Hatuna mpango wa kumkosoa. Seremala naye ameshamtengenezea mkewe meza ya dirishani. Watoto wao watatu wamekubaliana kumpeleka mama yao kuogelea kwa zamu, jambo alilolitaka tangu akiwa binti wa shule.

Dada yetu, mwalimu wetu, Mama Swichi: maabara wanakushukuru, famasi wanakushukuru, mapokezi na chumba cha upasuaji wanakushukuru, na wodi ya wazazi wanakushukuru kwa kigelegele ambacho wameahidi kukirudia. Masjala inakushukuru kwa siku uliyojifuta vumbi magotini bila kunifokea. Pumzika ukiwa na afya njema na watu wako. Lala asubuhi mpaka uchoke kulala. Simu ikilia alfajiri, na iwe ya mjukuu anayetaka kujua kama bibi yake ameshajifunza kuelea. Maisha yajayo yawe mema kwako, kama ulivyoyafanya ya kwetu.